Rangi ya Kwenye Picha

Kazini walimwita Poda, naye hakulichukia jina hilo, maana mtu anayepamba maiti angeweza kupewa jina baya zaidi ya hapo. Kazi yake ilikuwa kuwaweka wafu sawa kwa mara ya mwisho. Aliwafunga mdomo, akawachana nywele, akawapaka rangi usoni, mpaka watu wao wakija kuwaaga waseme, "Tazama, kama amelala." Akiyasikia maneno hayo kutoka nyuma ya pazia, alijua siku imekwenda vizuri.

Nasema nyuma ya pazia kwa sababu mbele hakutokea hata siku moja. Kampuni ile ya mazishi ilianzishwa zama zile wazungu wanazikwa na wazungu, na weusi wanajizikia wenyewe. Sheria ilikuwa imeshabadilika, lakini desturi haisomi gazeti. Wateja karibu wote walikuwa wazungu, na bosi, mzungu mpole asiyepandisha sauti, alimweleza Poda mapema, "Mtu aliyefiwa hataki kushtushwa." Maana yake hataki kujua kwamba mikono iliyomshika baba yake ni myeusi. Basi sifa alipokea bosi, Poda akapokea mshahara. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

Hata kabati la rangi lilikuwa na ubaguzi wake. Wazungu walikuwa na makopo chungu nzima: rangi ya maziwa, rangi ya waridi, hata rangi ya mtu aliyebabuliwa na jua la likizo. Weusi tulikuwa na kopo moja la kahawia, kana kwamba wote tumetoka tumbo moja. Poda alikuwa akilicheka kopo hilo. Alipoletewa mtu mweusi, alichanganya rangi yake mwenyewe kwenye kisosi, akajaribishia mkononi mwake.

Asubuhi moja aliletewa mwili wa mwanamke wa kuzikwa alasiri ileile. Kila fundi ana pa kuanzia, naye alianzia miguuni, maana miguu haikutazami. Akainua shuka. Kidole cha pili kilikuwa kimekipita cha kwanza kwa urefu, na kile cha mwisho kimejikunja chini ya mwenzake. Poda akasimama na shuka mkononi. Vidole vile alikuwa navyo yeye mwenyewe ndani ya viatu vyake vya mpira. Alikuwa navyo Mama pia, nyumbani, pengine amevitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu saa hiyohiyo.

Alikaa muda kabla ya kufunua usoni. Alipofunua, alikuwa ni Dada.

Kwao wote walikuwa weusi isipokuwa Dada. Alizaliwa maji ya kunde, na kadiri alivyokua akazidi kutakata, mpaka majirani wakawa wanamtania Mama kwamba alibadilishiwa mtoto hospitali. Mama hakubadilishiwa mtoto. Babu mzaa baba alikuwa na baba mzungu ambaye hakuwahi kuitwa baba na mtu yeyote, na damu yake iliruka watu wote ikamwangukia Dada. Alipopata kazi kwenye duka la vitambaa lililoajiri wazungu tu, mwenye duka hakumwuliza na yeye hakusema. Mama alikuwa dobi. Akamwita Dada, akamkalisha kati ya marundo ya nguo za watu, akamwambia, "Ukinikuta mjini, pita zako. Usinisalimie. Mimi sitanuna."

Mama alidhani hayo ni mambo ya saa za kazi. Mtoto akililia wembe, mpe, alisema, akacheka. Lakini saa za kazi zikarefuka. Dada akahamia chumba karibu na duka, kisha akapata mchumba, kisha wakasikia ameolewa. Hakukuwa na ugomvi wala kutukanana. Siku moja alikuja jioni kuchukua koti lake, akala, akaosha sahani yake, akaondoka, na ndiyo ikawa basi. Wembe ulikata, ila hakukatwa aliyeulilia.

Tangu hapo Mama hakukubali kuhama ile nyumba. Paa lilivuja, ngazi zilimwumiza magoti, na Poda alishampatia chumba kizuri cha chini, mara nyingi tu. Mama alikuwa na jibu lilelile, "Akirudi atatukuta wapi?"

Poda alimwona Dada mara moja tu tangu siku ya koti. Ilikuwa kituo cha basi, naye amemshika mkono mtoto wa kike mwenye soksi nyeupe. Macho yao yakakutana. Dada akamtazama kama mtu anavyotazama nguzo ya taa. Yule mtoto akauliza, "Mama, mbona yule anatutazama?" na Dada akajibu, "Achana naye. Hao ndivyo walivyo." Poda alikwenda nyumbani kwa miguu siku ile. Neno lile alilimeza, hakumwambia Mama, na lilikuwa bado limemkaa tumboni alipokuwa amesimama mbele ya meza ya chuma, Dada amelala kimya, hawezi tena kusema hivi wala vile.

Bosi akaingia na picha, akaibandika ukutani juu ya sinki kama kawaida. "Binti yake anataka awe hivi hivi," alisema. "Anasema mama yake hakuwa anatoka nje bila kujipamba. Maradhi yamemtia weusi kidogo, naona. Utaweza?"

"Nitaweza," Poda akasema.

Kwenye picha Dada alikuwa mweupe kama chaki, nywele zimenyooshwa mpaka zimekata tamaa, mdomo umebanwa kidogo. Mezani, baada ya miezi ya kuugua bila kujipaka kitu, rangi yake mwenyewe ilikuwa imemrudia, na kwenye shina la nywele zilikuwa zimeota zile zilizojisokota. Maradhi hayakumtia weusi. Yalimwacha tu apumzike.

Poda alijua mara moja anachotaka. Mama lazima amwone. Amekaa na mlango wazi miaka yote hiyo. Hawezi kuzikiwa mwanawe asijue. Lakini wakati wa kuaga hawezi kuja, maana angeketi wapi, na aseme yeye ni nani? Ingekuwa kumvua nguo marehemu hadharani. Basi aje mapema, kwa mlango wa nyuma, kabla watu wa mumewe hawajafika. Akapiga simu.

"Mama, Dada yuko huku kazini kwangu."

Mama akauliza taratibu, "Amekuja kwa miguu yake?"

"Hapana, Mama."

"Nakuja."

Hapo ndipo Poda alipofanya kosa, na ni kosa la fundi, si la mpumbavu. Alijiambia kwamba Mama asimkute mwanawe ovyo, hajachanwa, hajavalishwa. Akaanza kazi. Na mikono iliyozoea haiulizi. Inatazama picha, inachukua kopo. Akamvalisha, akamvika soksi na viatu, akamnyoosha nywele za shinani kwa pasi ndogo, akampaka rangi ya maziwa, akaipaka tena, akaipitishia poda. Machozi yalikuwa yakimtoka, akawa anageuza kichwa yasidondokee kazi. Alipomaliza, picha na uso vilikuwa sawasawa. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Dereva wa gari la maiti, rafiki yake wa siku nyingi, ndiye aliyekwenda kumchukua Mama. Akamleta kiti cha mbele. Mama alishuka na gauni lake la kutokea na mkoba wake mweusi, akamwambia Dereva, "Asante, baba. Gari lako zuri, ila usinifuate tena."

"Shikamoo, mama," Dereva akajibu. "Wewe hata ukiniita sitakuja." Walicheka kidogo, kile kicheko cha watu wanaoogopa kunyamaza.

Poda akamshika Mama mkono, akampitisha kwenye korido, akamfikisha mezani. Mama akavaa miwani. Akainama, akatazama. Akatazama tena. Kisha akajiinua, akamgeukia Poda kwa huruma, kama anayemhurumia mtu mzima aliyechoka akachanganyikiwa.

"Mwanangu, umekosea chumba," alisema. "Huyu mzungu wa watu mfunike. Dada yako yuko wapi?"

Ndipo Poda alipoelewa. Alikuwa amempamba Dada mpaka amemwondoa. Mwanamke aliyemzaa amesimama mbele yake, anamtafuta chumbani humo humo, wala hamwoni. Poda akachukua sponji, akalichovya kwenye losheni ya kutolea rangi, akaanza kwenye paji la uso. Ile poda ya juu ikatoka, kisha rangi ya maziwa, kisha ile nyingine chini yake. Akafuta mashavu. Akafuta kidevu na shingo. Mama alikuwa anasogea hatua kwa hatua, mkono mdomoni, na Poda alipofika kwenye masikio, Mama akamsukuma pembeni.

"Ndiye," akasema. "Ee, ndiye huyu. Ndiye."

Hakupiga yowe. Alivuta kigoda akakaa, akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta. Kwao mtoto hakutoka mlangoni amepauka, hata kama anakwenda dukani tu. Akamimina mafuta kiganjani, akayafikicha yapate moto, akampaka Dada usoni kwa vidole gumba viwili, kuanzia puani kwenda masikioni, kama alivyowapaka wote wawili walipokuwa wadogo na Poda akilia kwamba anaumizwa. Na alipokuwa anapaka, alikuwa anamgombeza.

"Tazama ulivyopauka. Nani alikuwa anakutazama, eh? Ulikuwa unakula? Umekonda hivi na mimi nipo. Nilikwambia unipite, mwanangu. Nilikwambia upite tu. Sikukwambia usirudi."

Poda alisimama ukutani akalia kwa sauti. Alimlilia Mama, akamlilia Dada, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kituo cha basi akamsamehe, au alianza kumsamehe. Uso wa Dada ulikuwa unang'aa kwa mafuta, wa kahawia, mzuri, uso wa kwao. Moyo wake ulimwambia aikunje ile picha aitupe, watu waje wamwone alivyo, liwalo na liwe.

Nao wakaja. Bosi alikuwa ametoka kula. Binti wa marehemu alikuwa amekumbuka hereni ambazo mama yake alizipenda, akaja mapema kuzileta, yeye na mumewe. Walipokuta ukumbi mtupu, wakafuata mwanga, wakafungua pazia.

Poda alimtambua yule mtoto wa soksi nyeupe. Sasa alikuwa mwanamke, mweupe kabisa, nywele za dhahabu, na tumbo la mimba limemtangulia. Hereni zilikuwa mkononi mwake. Alitazama mezani na rangi ikamtoka.

"Mbona amekuwa hivi?" akauliza. "Mama? Mbona yuko hivi?"

Mumewe akamsogeza nyuma, akasimama mbele yake. "Mmemfanya nini? Mmemfanya kama..." Akakwama. Macho yake yakamtembelea Poda, yakamtembelea Mama. "Kama nyinyi. Na huyu ni nani anayemshikashika? Wewe, toa mkono!"

Mama akatoa mkono.

Maneno yalikuwa yameshamfika Poda kooni. Huyu ni mama yake marehemu. Na mimi ni mjomba wako, binti, na hiyo damu unayoibeba tumboni ni yetu. Akafungua kinywa. Lakini Mama alikuwa amesimama, na hakuwa anamtazama yule mwanaume aliyemkaripia. Alikuwa anamtazama mjukuu wake, kidevu chake cha Dada, kisha tumbo lake, kisha mkono wa mume ulivyomshika mkewe bega kwa nguvu, mkono wa mtu anayelinda mali safi isiguswe na uchafu. Mama alikuwa ameishi na wazungu kwenye nguo zao maisha yake yote. Alijua nini hufanywa na nguo ikionekana ina doa.

"Nisameheni, wanangu," akasema. "Mimi nafanya usafi hapa. Niliona usoni pamechafuka, nikafuta."

Poda akamtazama. Mama akamrudishia jicho moja tu, lile la kumnyamazisha mtoto mbele ya wageni, na mwanaume mzima mwenye mvi akafunga kinywa.

"Ni dawa ya kuhifadhia," akajisikia anasema. "Huwa inatia weusi kwenye ngozi. Nilikuwa bado sijamaliza."

"Nitazungumza na mwenye kampuni," mume akasema, akatoka kumtafuta bosi, viatu vyake vikigonga sakafu.

Binti akabaki. Alimgeukia Mama, na alisema kwa adabu kabisa, na laiti angetukana, maana adabu ile ilichoma kuliko tusi.

"Bibi, tunaomba utupishe. Hapa ni pa familia tu."

"Haya, mama," Mama akajibu. Akachukua mkoba wake. Kichupa cha mafuta alikifunga, akakirudisha mahali pake. Hakugeuka nyuma kumtazama Dada, kwa sababu msafishaji hageuki kumtazama maiti wa watu. Akatoka.

Poda alianza upya. Binti alisimama karibu, anaelekeza, sauti yake imejaa kilio. "Hapo bado. Na shingoni. Mama alikuwa mweupe sana shingoni." Poda akapaka shingoni. Alifuta mafuta ya Mama kwa pamba, maana rangi haishiki penye mafuta, na pamba ile hakuitupa kwenye pipa. Aliiweka mfukoni mwa aproni. Kisha akamfunika Dada kwa mara ya pili, rangi juu ya rangi, na safari hii machozi hayakutoka. Ukiua kitu mara ya pili mkono hautetemeki tena.

"Sasa ndiye," binti akasema. Akamvalisha hereni, akambusu, akapita kwenye pazia na kukaa kwenye benchi la korido, akaanza kulia hasa.

Poda alibaki na brashi, anamalizia nyusi, na pazia halizuii sauti. Alisikia ufagio. Mama alikuwa ameutoa kwenye kona, anafagia korido iliyofagiliwa asubuhi. Ufagio ukafika kwenye benchi, ukasimama.

"Usilie sana, mama," alisikia Mama anasema. "Mtoto anasikia huko ndani. Ni wa kwanza?"

"Wa kwanza." Binti alikuwa anapenga kamasi. "Mama alikuwa anamsubiri, bibi, huwezi kuamini. Mpaka anaumwa, swali lake lilikuwa moja. Unadhani atatoka na rangi gani? Kila nikienda kumwona, chumba amekitia giza, na ni lilelile, atatoka na rangi gani. Nikawa namwambia, Mama, rangi gani tena? Yetu. Basi analia. Nafikiri ugonjwa ulikuwa umeshampanda kichwani."

Poda alishika ukingo wa meza.

"Atatoka mzuri," Mama akasema. "Wewe mpende tu. Vyovyote atakavyotoka, usimwachie mkono."

"Asante, bibi." Benchi likalia, binti alikuwa anainuka. "Samahani nilikutoa mle ndani. Nilichanganyikiwa. Na wewe una watoto?"

Brashi ya Poda ikasimama juu ya uso wa Dada. Alisubiri. Moyoni alimwomba Mama aseme, walau neno hili moja, kwamba anao wawili, maana mtu anaweza kuwa na watoto wawili bila kuulizwa wako wapi.

"Ninaye," Mama akasema. "Mmoja tu. Wa kiume."

Ufagio ukaanza tena, ukapita palepale ulipokwisha kupita, ukaelekea mlango wa nyuma.